Land Rover fupi kwa matairi ya ndefu: faida yake na gharama yake

Land Rover fupi ya miaka ya sabini imesimama juu ya magogo manne katika gereji moja ya Arusha, matairi yake ya zamani yameegemezwa ukutani. Pembeni yamepangwa matairi mengine matano, marefu na mapana zaidi, bado yana vibandiko vya dukani. Mwenye gari ni mama anayenunua vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, na kuwauzia wanunuzi wa Kenya kupitia Namanga. Gari aliachiwa na baba yake. Haja yake ni moja: litoke shambani na mzigo bila kukwaruza tumbo kwenye makorongo, hadi kwenye lori linalosubiri barabarani.

"Mama, kufunga nafunga leo hii hii," fundi anamwambia. "Ila nikishafunga, breki ulizozizoea hazitakuwa zile."

"Fundi, mimi nimekuja kwa ajili ya matairi, sikuja kwa breki."

"Ndiyo hapo mama. Hivyo vitu haviachani."

Mazungumzo ya namna hiyo si mageni kwa wenye magari haya pande zote mbili za mpaka. Land Rover za mtindo wa kale, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 na kukoma katika umbo lake la Series III mwaka 1985, bado zinafanya kazi Tanzania na Kenya mahali ambapo pikapu mpya ingeonewa huruma. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha lake zima, magari yakaja kwa misururu. Lakini mbali na tamasha, hili ni gari la kazi, na mwenye gari la kazi hufikiria matairi makubwa mapema kuliko rangi mpya.

Kiwandani Land Rover hizi zilitoka kwa urefu wa aina mbili zilizozoeleka. Fupi ni ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndefu ni ya inchi 109. Fupi kwa kawaida ilivaa tairi la 6.00-16, ndefu ikavaa 7.50-16. Rimu zote ni za inchi 16, na matundu matano ya stadi yamekaa sawasawa, kwa hiyo tairi na rimu ya ndefu huingia kwenye fupi bila kugombana. Urahisi huo ndio unaowaponza watu. Kitu kikiingia bila nyundo, mtu hudhani kimekubali.

Tairi la 6.00-16 lina kipenyo cha karibu sentimita 73. La 7.50-16 linakaribia sentimita 81. Tofauti ni sentimita 8, na hapo wengi hukosea hesabu, kwa sababu ekseli huinuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo. Nusu nyingine iko juu ya ekseli, inajaza nafasi chini ya madigadi. Kwa hiyo difu, ambalo ndilo hugonga mawe kwanza, linapanda sentimita 4. Kwenye korongo sentimita 4 ni nyingi, na mara nyingine ndizo zinazoamua kama utapita au utaita watu waje kusukuma. Lakini si 8.

Faida nyingine ni ya kweli pia. Tairi refu hupita juu ya shimo badala ya kutumbukia ndani yake, hutembea vizuri zaidi kwenye mchanga, na kwenye lami injini hupiga kelele kidogo kwa mwendo uleule. Wenye Land Rover fupi za petroli wanaosafiri sana kwenye lami tambarare wanaweza kuyapenda matairi haya kwa sababu hiyo peke yake.

Gharama huanzia kwenye breki. Breki hukaza dramu iliyo katikati ya gurudumu, lakini kazi ya kusimamisha gari hufanyika pale tairi linapogusa ardhi. Kadiri tairi linavyokuwa refu, ndivyo nguvu ileile ya breki inavyofika chini ikiwa imepungua. Kutoka 6.00 kwenda 7.50 upungufu ni karibu asilimia 10, kabla hujaongeza uzito wa tairi lenyewe ambalo nalo linataka kusimamishwa. Kiwanda kililijua hilo. Land Rover fupi ilitoka na dramu za inchi 10, ndefu yenye matairi makubwa ikapewa za inchi 11. Anayechukua matairi ya ndefu na kuziacha breki zake amechukua nusu ya gari.

Habari njema ni kwamba breki za inchi 11 zinaweza kufungwa kwenye ekseli za fupi. Ni kazi inayojulikana kwa mafundi wa magari haya, na spea hutolewa kwenye ndefu zilizokufa. Inataka silinda za magurudumu zinazofanana kulia na kushoto, mabomba yasiyo na kutu, na silinda kuu iliyo nzima. Inataka pia siku mbili tatu za gari kukaa chini, na kwa mwenye vitunguu siku tatu ni hasara inayohesabika.

Baada ya breki inakuja spidi. Tairi la zamani likizunguka mara moja gari linasogea mita 2.29 hivi. La 7.50 likizunguka mara moja gari linasogea mita 2.53. Mshale kwenye dashibodi haujui kwamba tairi limebadilishwa, unaendelea kuhesabu mizunguko. Ukisoma 50, gari linakwenda 55. Ukisoma 80, linapita 88. Kwenye makazi ya watu, Tanzania na Kenya, mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki mwenye tochi hana haja ya kusikia kisa cha rimu. Dereva ataapa kwamba alikuwa kwenye hamsini, na kwa mshale wake atakuwa anasema kweli.

Hesabu ya safari nayo huyumba. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kilomita 110 hivi, lakini gari lenye matairi makubwa na mita ya zamani litaandika karibu 99. Mfanyabiashara anayepima mafuta kwa kugawa lita na kilomita ataona gari limeanza kunywa kuliko linavyokunywa, na atabadilisha oili akiwa amechelewa. Dawa ipo na si ghali: kiwanda kilitengeneza spidomita tofauti kwa fupi na kwa ndefu kwa sababu hiyohiyo ya matairi. Kinachotakiwa ni kutafuta iliyotoka kwenye 109. (Atakayeinunua aangalie kama ni ya maili au ya kilomita, maana zipo za aina zote mbili na huuzwa kwenye meza moja.)

Kwenye mlima, tairi refu ni sawa na kupandisha gia zote kidogo. Injini ya dizeli ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu farasi 62 ilipokuwa mpya, na hakuna anayejua zimebaki ngapi baada ya miaka hamsini na mafuta ya kila aina. Mahali ambapo gari lilipanda kwa gia ya tatu sasa litataka ya pili. Njia ya kutoka bonde la Eyasi kupanda Karatu ni mfano mzuri, kwa sababu mzigo huja ukipanda na gari hurudi tupu likishuka. Ingekuwa kinyume, breki ndizo zingelia zaidi.

Kisha yapo yasiyoonekana. Hafshafti za ekseli za nyuma za fupi zina sifa ya kukatika dereva akiachia klachi kwa pupa, na tairi kubwa huziongezea mzigo. Ndefu za Series III zilipewa nyuma ekseli ya Salisbury, nene na ngumu zaidi, na hilo nalo halikuwa bahati mbaya. Mwenye fupi anayekwenda na 7.50 abebe hafshafti ya akiba kama anavyobeba jeki, na amfundishe dereva kuondoka taratibu.

Usukani nao ukikatwa mpaka mwisho, tairi hugusa springi ya mbele. Fundi makini hurekebisha boliti za kuzuia mkato. Gari litahitaji uwanja mpana zaidi kugeuka, jambo la kukumbuka kwenye foleni ya mpakani, lakini tairi halitachanika ubavuni. Fundi asiye makini huweka spesa kati ya rimu na habu ili kulisogeza tairi nje, au hupeleka rimu ikapanuliwe kwa kulehemu. Hapa hakuna cha kubembeleza: spesa huhamishia mzigo kwenye beringi na kingpini, na rimu ya kulehemu hupasuka bila taarifa. Pesa ya kuokoa isitafutwe hapo.

Kwenye rimu pia ndipo dukani watu hubambikiwa. Nyingi za zamani zimeungwa kwa ribiti na hazizuii upepo, kwa hiyo tairi linawekwa tyubu hata kama ubavuni limeandikwa kwamba halihitaji, na tyubu yenyewe iwe ya kipimo hicho na ya kufaa tairi la radial. Tairi la 235/85R16, ambalo lina kipenyo cha karibu sawa na 7.50 na siku hizi ni rahisi kupatikana, linataka rimu ya inchi 6 au zaidi kwa upana, wakati rimu ya ndefu ni ya inchi 5 na nusu na ya fupi ni inchi 5. Watu hulikaza hivyohivyo, likavimba katikati na kuliwa katikati. Nati nazo zitazamwe. Stadi za zamani ni za kipimo cha inchi na za miaka ya mwisho ni za milimita 16, na ndani ya kopo la nati za gereji zote zimelala pamoja.

Mfanyabiashara anayechagua tairi mwenyewe asome ubavuni namba mbili. Ya kwanza ni ya mzigo: 104 maana yake tairi moja linabeba kilo 900, 108 ni kilo 1,000, na 116 ni kilo 1,250. Ya pili ni tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vipimo hivi vya zamani haviuzwi haraka, kwa hiyo tairi linaweza kuwa jipya kwa macho huku limekaa stoo miaka minane. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala.

Zamani uchaguzi ulikuwa karibu zaidi. Arusha ilikuwa na kiwanda cha General Tyre, Nairobi ilikuwa na cha Firestone, ambacho baadaye kilitengeneza matairi ya Yana. Cha Arusha kilisimama kwanza, na cha Nairobi kikafunga uzalishaji mwaka 2016. Sasa karibu kila tairi la 7.50-16 linalovuka Namanga limetoka mbali, na bei yake hutegemea zaidi bandari kuliko fundi.

Jambo moja halibadiliki hata matairi yawe makubwa kiasi gani. Land Rover fupi ilitengenezwa kubeba watu watatu mbele na kilo 450 hivi nyuma. Hiyo ni gunia nne za kilo 100, na si za lumbesa. Tairi lenye namba 116 haliongezi hata kilo moja, kwa sababu kinachobeba ni chasisi na springi. Bima nayo isisahaulike. Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa Tanzania na Kenya, hulipia madhara ya mtu mwingine na wala si gari lako, na kampuni ya bima kubwa inaweza kukataa dai ikigundua gari limebadilishwa bila kuambiwa. Barua ya mstari mmoja kwa wakala kabla ya kusafiri ni rahisi kuliko mabishano baada ya ajali.

Katika gereji ya Arusha, mama wa vitunguu amesikiliza yote hayo akiwa amekaa juu ya tairi mojawapo. Anauliza breki za inchi 11 zitapatikana wapi. Fundi anajua ndefu iliyokufa Usa River. Anauliza siku ngapi. Tatu, labda nne. Anatoa simu, anampigia mnunuzi wake upande wa pili wa mpaka na kumwomba wiki. Upande ule kuna kimya kirefu, kisha bei inashuka kidogo na wiki inapatikana.

Siku ya tano gari linatoka. Fundi analipakia mawe ya uzito wa gunia nne, analikimbiza kwenye kipande cha barabara tupu na kulisimamisha mara sita, huku mama akitazama kama linavuta upande mmoja. Halivuti. Spidomita ya ndefu haijapatikana bado. Kabla ya kuondoka anaazima brashi, anachovya kwenye rangi nyeupe na kuandika juu ya dashibodi, kwa dereva wake: 50 = 55.