Ufugaji wa Vipepeo Kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke: Mdudu, Msitu na Soko

Utangulizi

Ufugaji wa wadudu majumbani si jambo geni duniani. Huko Ulaya na Marekani, watu wafugao vyura, mijusi na vinyonga huzalisha nyenje, mende na funza wa unga katika visanduku ili wanyama wao wapate chakula kilicho hai. Katika pwani ya Kenya, baina ya Kilifi na Malindi, wapo pia wakulima wanaofuga wadudu nyumbani, ila lengo lao ni kinyume cha hilo. Mdudu wao hafugwi ili aliwe; hufugwa ili asiliwe, afike ng'ambo akiwa hai, na huko atazamwe. Mdudu huyo ni kipepeo.

Makala haya yananuia kueleza namna ufugaji huu unavyofanyika, jinsi ulivyofungamanisha uhai wa msitu na kipato cha majirani zake, na udhaifu uliomo katika mfungamano huo. Aidha, yanagusia suala moja la istilahi ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulitafakari.

Msitu na Majirani Wake

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takribani kilomita 420 za mraba. Ni mabaki makubwa ya misitu mikavu ambayo zamani ilitanda katika mwambao wa Afrika Mashariki. Ndani yake mna mirihi, mibambakofi na miti mingine mingi, pamoja na wanyama ambao ni adimu kwingineko, kama vile bundi mdogo wa Sokoke na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Aina za vipepeo waliomo zinapita 200.

Hata hivyo, utajiri huo haukuwa na maana sana kwa mkulima aliyeishi ukingoni mwa msitu. Wengi wa majirani hao ni Wagiriama na Wamijikenda wengine, ambao hutegemea mahindi, mihogo, minazi na mikorosho katika ardhi isiyo na rutuba nyingi. Kwao, msitu ulikuwa maskani ya ndovu na nyani walioharibu mazao, na ardhi iliyofungwa huku watoto wao wakikosa shamba. Si ajabu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wao walitamani msitu ukatwe, wagawiwe ardhi. Katazo la serikali peke yake halikuweza kuyajibu malalamiko hayo.

Mwaka 1993, mtaalamu wa vipepeo Ian Gordon alianzisha Mradi wa Kipepeo. Mradi huo, ulio chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, una makao yake katika eneo la Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza: iwapo jirani wa msitu atapata fedha kutokana na kitu kisichopatikana pasipo msitu, basi atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka msitu ubaki.

Kutoka Msituni hadi Uani

Kazi huanzia msituni. Mfugaji aliyeruhusiwa huingia na wavu, au hutundika mtego wenye ndizi zilizochachuka, kwa kuwa baadhi ya vipepeo hupenda utomvu wa matunda yaliyooza kuliko maua. Anayetafutwa hasa ni jike. Huyo hupelekwa nyumbani na kuwekwa katika kibanda cha chandarua chenye mmea ambao viwavi wake hula.

Hapa ndipo ujuzi wa mfugaji unapopimwa, kwani kiwavi hali kila jani. Kila aina ina mimea yake, na kiwavi akikosa mmea wake hufa njaa juu ya majani mabichi tele. Kwa mfano, viwavi wa kipepeo aitwaye kitaalamu Papilio demodocus hula majani ya michungwa, milimau na jamaa zake. Aina nyingine nyingi hula mimea ya msituni, kwa hiyo mfugaji hana budi kuijua mimea hiyo, na mara nyingi kuipanda karibu na nyumba. Kwa njia hii, miti ambayo zamani ilihesabiwa kuwa kichaka tu imepata nafasi uani.

Mayai huanguliwa baada ya siku chache. Viwavi hufunikwa kwa mifuko ya chandarua pamoja na matawi wanayokula, ili wasifikiwe na ndege, mijusi, siafu, na nyigu ambao hutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi. Msituni ni wachache mno kati ya mamia ya mayai ya jike mmoja watakaofikia utu uzima. Nyumbani, chini ya ulinzi, sehemu kubwa huokoka. Hii ndiyo sababu ufugaji huu haukaushi msitu: majike wachache hutoa mavuno makubwa.

Kinyume chake pia ni kweli: msitu ukitoweka, ufugaji hauwezi kuendelea. Vipepeo wakizalishwa wao kwa wao kwa vizazi vingi, uzao hudhoofika. Mfugaji hulazimika kurudi msituni mara kwa mara kutafuta majike wapya. Hilo ndilo kiungo halisi cha mpango mzima.

Safari Isiyongoja

Kiwavi akishiba na kukomaa, baada ya wiki mbili hadi nne kwa aina nyingi, hujigeuza pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo. Pupa hali, hanywi wala hatembei. Kwa sababu hiyo huweza kusafirishwa. Lakini utulivu huo una mpaka: katika joto la pwani, aina nyingi hupasua ganda baada ya wiki moja hadi mbili.

Mfugaji basi hupeleka pupa wake Gede upesi. Huko huchunguzwa, wenye kasoro hutengwa, na wazima hupangwa katika pamba ndani ya masanduku na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Wanunuzi ni nyumba za maonyesho zenye joto la kutengenezwa, ambamo watazamaji hupita katikati ya vipepeo wanaoruka. Kwa vile vipepeo wengi wakishatoka huishi wiki chache tu, nyumba hizo huhitaji pupa wapya kila mara. Ufupi wa maisha ya kipepeo ndio unaolipa soko uhai.

Udhaifu wa mfungamano huu hauna budi kutajwa. Majani na viwavi hustawi baada ya mvua na kupungua wakati wa ukame, ilhali mahitaji ya Ulaya hufuata majira ya huko, si ya pwani. Zaidi ya hayo, mlango wa soko hufungwa na mikono iliyo mbali na mfugaji. Mwaka 2016, Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Katazo hilo liliwagusa vinyonga na vyura waliokuwa wakiuzwa kwa wafugaji wa ng'ambo, na likawakumba pia wanavijiji wa Amani, katika milima ya Usambara, waliokuwa wakiuza pupa. Nchini Kenya, safari za kimataifa za abiria zilisimamishwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai 2020 kwa sababu ya Korona, na nyumba za maonyesho ng'ambo zikafungwa. Pupa hangoji ndege zirudi. Bidhaa nyingine huwekwa ghalani. Hii huruka au hufa.

Pupa na Pupa: Suala la Istilahi

Kiswahili kina majina ya asili ya hatua tatu za mdudu huyu: yai, kiwavi na kipepeo. Hatua iliyobaki ndiyo yenye utata. Wapo waiitao kifukofuko, lakini neno hilo hutaja hasa kifuniko cha nyuzi anachojisokotea kiwavi wa nondo. Pupa wa vipepeo wengi hana kifuniko cha namna hiyo, huning'inia wazi. Vitabu vya sayansi vimechukua neno la Kilatini, pupa, ambalo maana yake ya awali ni mwanasesere.

Neno hilo limeingia kwa urahisi kwa sababu lina umbo la Kiswahili. Lakini limemkuta mwenyeji. Pupa ya Kiswahili ni haraka yenye tamaa, ile ambayo wahenga waliionya waliposema: mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Hivyo, neno moja sasa lina maana mbili zinazokinzana, moja ya pupia na nyingine ya kutulia. Upatanisho wa kisarufi husaidia kuzitenganisha: “pupa hii” ni tamaa, “pupa huyu” ni mdudu. Inafaa waandishi wa vitabu wadumishe upatanisho wa viumbe hai, si kwa ajili ya kuondoa utata tu, bali pia kwa kuwa ni kweli: kilichomo sandukuni ki hai.

Hitimisho

Ufugaji wa vipepeo umeonyesha kwamba hifadhi hupata nguvu pale jirani wa msitu anapokuwa na hisa katika kuwapo kwake. Lakini umeonyesha pia kwamba hisa hiyo ikitegemea mnunuzi mmoja wa mbali, hutikisika kila anapofunga mlango. Ndiyo maana wafugaji wa Gede wanahitaji mapato mengine yatokanayo na msitu huo huo, kama vile asali na ada za watalii, ili mwaka ambao pupa hawasafiri usiwe mwaka wa kuchukua shoka. Ama kwa wanafunzi wa Kiswahili, kazi hii inawakumbusha kwamba istilahi haitungwi mezani pekee. Wako watu mashambani ambao kila siku huvitaja vitu hivi kwa majina, na wao wanastahili kuulizwa kwanza.