Mwanafunzi wa Mitindo Mafinga: Kitambaa Gani, Cherehani Ipi, Ununue Wapi

Gharama ya mradi wa mwanafunzi wa mitindo huanza kabla hajaingia dukani. Huanza siku anapochagua atashona nini. Mwanafunzi wa Mafinga akiamua kwamba kazi yake ya mwisho wa mwaka itakuwa gauni refu la sherehe, lenye mkia, kama lile aliloliona kwenye simu likivaliwa Dar es Salaam, ameshajifunga: yadi 6 au zaidi za kitambaa, bitana, zipu ndefu ya kujificha, na mteja atakayelivaa mara moja kwa mwaka, tena ndani ya ukumbi, maana Juni ya Mafinga haina huruma na mabega wazi. Akiamua kushona koti fupi au sketi nzito yenye bitana, yadi 2 hadi 3 zinamtosha, na jirani yake atalitaka vazi hilo kuanzia Mei hadi Agosti. Ndiyo maana katika ulinganisho huu ninaliweka wazo mbele ya duka.

Na mawazo ya bure hapa yamejaa. Tazama vikapu vya Iringa, vile vinavyosukwa na wanawake kwa nyasi za milulu. Kikapu huanzia kitakoni na kupanuka taratibu kuelekea juu. Ukikaa na msukaji ukaona ni wapi anaongeza, umepata somo la sketi ya vipande ambalo ungelipia kwingine. Rangi zake ni chache, mistari yake imepangwa kwa hesabu, na mpangilio huo unahamishika moja kwa moja kwenye mfuko wa koti au kola. Tazama mgolole unaofungwa begani, namna kitambaa kimoja kisichokatwa kinavyoshuka mwilini: ubunifu usiopoteza hata kipande. Tazama wachuma chai wa Mufindi na aproni zao nzito za kuzuia umande. Ukifika Iringa mjini, ingia makumbusho ya Boma. Nyumbani, mwombe bibi akufungulie sanduku la khanga zake, huenda zimo za Urafiki, kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Vyote hivyo havitozi shilingi ya kitambaa, na vinakupa kazi ambayo mwenzako wa Dar hawezi kuiiga kirahisi.

Sasa kitambaa, ambako ndiko fedha nyingi inakokwenda. Wengi hulinganisha bei bila kulinganisha kipimo. Yadi ni sentimita 91 na ushei. Mita ni 100. Kwa hiyo kitambaa cha 5,000 kwa yadi ni ghali kuliko cha 5,000 kwa mita kwa karibu asilimia 9, hata kama vibao vya bei vinafanana. Kisha tazama upana. Vitenge vingi vina upana wa inchi 45 hivi. Vitambaa vya suti na suruali mara nyingi hufika inchi 58 au 60. Chukua mfano: kitambaa cha inchi 60 kinachouzwa 6,000 kwa yadi kinakupa eneo lilelile kwa kila shilingi kama kitenge cha inchi 45 kinachouzwa 4,500. Anayeangalia bei peke yake atakiita cha kwanza ghali. Nenda dukani na futikamba, upime upana mwenyewe, halafu ndipo muongee bei.

Kitenge kinapendeza na kinashoneka bila usumbufu, ila kwa Mafinga ni chepesi. Ukikitumia kwenye koti, hesabu pia bitana na pengine tabaka la katikati. Bei halisi ya koti hilo ni ya vitambaa viwili au vitatu. Maua makubwa nayo yana gharama iliyojificha, kwa sababu lazima yakutane kifuani na mgongoni, na kwenye kuyakutanisha unaweza kupoteza nusu yadi nzima. Mwanafunzi achague michoro midogo. Tena, si kila kinachoitwa kitenge ni pamba. Omba uzi mmoja uuwashe kiberiti: wa pamba huungua ukanuka karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kwa anayetumia pasi ya mkaa, isiyo na kidhibiti cha joto, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi ya wiki nzima itapona au itaungua mezani. Pamba nayo ifue na kuianika kabla ya kukata, isije ikaruka kwenye mwili wa mteja baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Waxi ya Vlisco, kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa 1846, ni nzuri na rangi yake inadumu. Mwanafunzi asiiguse mpaka awe na mteja aliyekwisha kulipa. Khanga ni rafiki zaidi wa mfuko, na pindo lake likipangwa vizuri linakuwa urembo wa chini ya sketi bila kununua lesi. Lakini mji wa khanga, ile sehemu ya katikati, ukiukata ovyo umeharibu vyote viwili, khanga na vazi.

Chaguo ninalolitetea kwa nguvu zote ni mtumba. Koti zito la mtumba lililopasuka sehemu moja, ambalo muuzaji analitoa kwa bei ya chini kwa sababu ya mpasuko huo, linakupa kitambaa kinene, bitana, vifungo, zipu na mabega yaliyotengenezwa tayari. Ukinunua vitu hivyo kimoja kimoja vikiwa vipya utalipa mara kadhaa. Zaidi ya hayo, ukilifumua mshono kwa mshono unaona jinsi fundi wa kiwandani alivyoweka kola na mkono, jambo ambalo daftari halikuonyeshi vizuri. Kagua kwapani, viwiko na ndani ya kola. Kitambaa kikiwa kimelika hapo, kiache. Unganisha koti hilo na mikono ya kitenge, au mifuko yenye mistari ya kikapu cha milulu, na umepata vazi la Mafinga kweli.

Kabla ya kukata kitambaa chochote kizuri, kata karatasi. Karatasi ya kaki ndiyo inayofaa kwa pateni, na hapahapa Mufindi kuna kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Hata mfuko mtupu wa saruji ukifunguliwa na kukung'utwa unafanya kazi hiyo. Baada ya karatasi, shona jaribio kwa shuka kuukuu. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoona wanapoteza muda, na hapa ndipo fedha inapookolewa kuliko mahali pengine popote.

Ununue wapi? Kariakoo, Dar es Salaam, kuna wingi wa kuchagua, hilo halina ubishi. Tuweke hesabu. Nauli elekezi ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, ya Desemba 2023 kwa basi la kawaida ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita. Mafinga hadi Dar ni kilomita 570 hivi, yaani karibu 28,000 kwenda na 28,000 kurudi, kabla hujala wala kulala. Kama Kariakoo unapunguziwa 1,000 kwa kila yadi, unahitaji kununua yadi 56 ndipo nauli peke yake irudi. Hakuna mradi wa darasani unaokula yadi 56. Iringa mjini, kilomita kama 80, ni chini ya 8,000 kwenda na kurudi kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo yadi 8 zinarudisha nauli kama punguzo ni hilo. Kwa kitambaa cha yadi 3, nunua Mafinga, hata kama muuzaji amekuzidishia kidogo. Kwa oda kubwa, wanafunzi mkusanye mahitaji yenu, mumtumie fedha mtu mnayemwamini, mzigo upakiwe kwenye basi. Mabasi mengi ya Mbeya, Tunduma na Songea yanapita Mafinga. Dai picha ya kitambaa kikiwa kimetandazwa juu ya futikamba kabla hakijakatwa.

Kuhusu cherehani, usikimbilie ya umeme. Cherehani ndogo za nyumbani zenye mishono mingi zinavutia, lakini nyingi hushindwa na kodrai, jinzi na tabaka nne za koti. Cherehani ya miguu, Singer ya zamani au Butterfly, inashona mshono mmoja ulionyooka na kuingia kwenye kitambaa kinene ukiiwekea sindano namba 16 au 18. Umeme ukikatika, kazi inaendelea. Kingo peleka kwa fundi mwenye ovaloki, umlipe kwa vazi. Ovaloki yako mwenyewe isubiri wateja.

Umeme wenyewe si adui mkubwa kama watu wanavyodhani. Kwa bei ya 292 kwa uniti kwa mteja wa kawaida, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA 3 na ya EWURA 1, uniti moja ni kama shilingi 356. Cherehani ya nyumbani ya wati 100 ikifanya kazi saa 6 inatumia shilingi 214. Ya kiwandani yenye mota ya klachi ya wati 400 inaweza kufika 855, kwa kuwa mota hiyo huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata unapopanga kitambaa. Kwa hiyo ukipewa ya kiwandani, ulizia mota ya sevo, inayozunguka unapokanyaga tu. Pasi ya wati 1,000 haifiki 356 kwa saa, maana hujizima na kujiwasha. Linganisha hilo na bei ya kopo la mkaa mtaani kwako kabla ya kusema pasi ya mkaa ni nafuu.

Kuhusu mafunzo nitakuwa mfupi. Ada ya kozi ndefu za VETA kwa miaka mingi imekuwa 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni kwa mwaka. Ukipata nafasi huko, usiiache ukafuata chuo binafsi kwa sababu ya jina. Kujifunza kwa fundi mtaani kunakupa kasi na wateja, lakini uliza mapema kuhusu cheti. Na kama mko kikundi, fuatilieni halmashauri ya mji: sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo ununue cherehani, usinunue vitenge.

Mwenye fedha kidogo msimu huu na anunue koti moja la mtumba, yadi 2 za kitenge cha pamba chenye michoro midogo, sindano namba 16 na karatasi ya kaki. Akodi cherehani ya miguu kwa fundi wa jirani, na ahakikishe vazi limekamilika kabla ya Mei, wateja wa Mafinga wanapoanza kulihitaji.