Pilipili ya chupa hulindwa na siki, si ukali

Shule za bweni zikikaribia kufunguliwa, majiko ya Misunkumilo, hapa Mpanda, huwasha pua za wapita njia. Mama anakaanga pilipili mbuzi na kitunguu saumu kwenye mafuta mengi, anajaza chupa hadi shingoni na kukaza kifuniko. Chupa inaingia kwenye tranka la mtoto, na tranka linapanda treni ya kwenda Tabora. Maharage ya bwenini yanahitaji kitu cha kuyaamsha, hilo hatubishani. Ugomvi wangu uko kwenye chupa.

Oktoba 2008 nchini Uganda, wanafunzi watatu wa shule moja ya bweni walilazwa hospitalini na mmoja akafariki. Vipimo vilionyesha sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na ugonjwa wake ndio botulizimu. Wachunguzi walipofuatilia vyakula, waligundua kuwa wote watatu walikuwa wamekula kitoweleo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Hakikuthibitishwa moja kwa moja, ila ndicho kilichoshukiwa zaidi. Hata bila mafuta pilipili inaweza kuleta balaa: mwaka 1977 huko Michigan, Marekani, watu 59 waliugua baada ya kula mgahawani pilipili zilizosindikwa kienyeji.

Bakteria huyu anaishi udongoni, na kitunguu saumu kinachimbuliwa humohumo. Mazingira yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda liitwalo spora, na spora haifi kwa maji yanayochemka. Kuiua kunataka nyuzi joto 121, joto linalopatikana kwenye sufuria maalumu ya mgandamizo. Hapa Mpanda, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla hata ya kufika nyuzi 97. Utaniambia mafuta ya kukaangia yanapita 121. Kweli, lakini kipande cha pilipili kikiwa bado na maji ndani, joto la ndani yake halipiti sana lile la maji kuchemka. Spora inatoka salama, kisha tunaifunika kwa mafuta yanayozuia hewa. Hapo tumeifanyia hisani, kwa sababu huamka na kutengeneza sumu pale pasipo na hewa, penye unyevu, uvuguvugu na uchachu mdogo.

Na ukali? Ukali wa pilipili hushtua neva za ulimi wetu. Ndege hawausikii kabisa, ndiyo maana wanakula pilipili kichaa na kutupandia mbegu zake kila kona ya uwanja. Usitegemee kuwa ukali huo utamzuia bakteria huyu chupani.

Kinachomzuia ni uchachu. Mpaka wake ni pH 4.6, chini ya hapo spora haiamki. Pilipili mbichi iko karibu na 5, kitunguu saumu na karoti karibu na 6, na nyanya inachezea mpakani penyewe. Kwa hiyo chukua siki ambayo lebo yake inasema asilimia 5, upime ujazo sawa na wa pilipili na viungo vilivyosagwa: kikombe kwa kikombe. Siki ya kupimiwa mtaani isiyo na lebo iache, hujui imechanganywa na maji kiasi gani. Ndimu na limau ni kali, ila uchachu wake hubadilika kutoka tunda hadi tunda, kwa hiyo zitumie kwa ladha tu. Ukiona sosi imezidi uchachu, ongeza sukari, usipunguze siki. Anayetaka kuuza anunue karatasi za kupimia pH na asijaze chupa mpaka zisome chini ya 4, kisha awaone SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuhusu safari ya kwenda TBS, shirika la viwango.

Chemsha mchanganyiko dakika kumi huku ukikoroga, madirisha wazi, maana mvuke wake unakaba koo. Chupa za kioo zichemshe pia dakika kumi, na uzijaze zikiwa bado za moto, juu ya kitambaa. Chupa baridi ikikutana na sosi ya moto hupasuka. Chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya shamba haioshwi ikatakata. Vaa glovu unapokata pilipili. Ukisahau, paka mikono mafuta ya kula kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni.

Anayependa pilipili ya mafuta aikaange kidogo, aiweke kwenye friji, na ikifika siku ya nne aimwage. Nyumba isiyo na friji ikaange ya kula siku hiyohiyo. Tranka halina friji. Mtoto apewe ya siki.

Sumu ya botulizimu inaweza kuwemo bila harufu wala ladha yoyote, kwa hiyo usionje chupa unayoitilia shaka. Dalili mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula: kope zinakuwa nzito, macho yanaona vitu viwili viwili, mdomo unakauka, kumeza kunashindikana, kisha udhaifu unashuka kwenye mikono na miguu. Kwa kawaida hakuna homa, na mgonjwa anaweza kudhaniwa amelewa. Mpeleke hospitali mara moja kabla pumzi haijaguswa, mwambie daktari alikula nini, na chupa yenyewe ibebe.