Bosi Anayeaminiwa Kupita Kiasi

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, waliainisha vyanzo vitano vya nguvu aliyonayo mtu juu ya wenzake. Vitatu huambatana zaidi na cheo: haki ya kuamuru, uwezo wa kutuza na uwezo wa kuadhibu. Viwili vilivyobaki humfuata mtu hata akihamishwa idara, navyo ni ujuzi wake na mvuto unaowafanya wengine watake kuwa kama yeye. Hivi viwili ndivyo huitwa nguvu binafsi.

Vitabu vya uongozi huisifia nguvu hii, na kwa haki. Tatizo ni kwamba inanyamazisha kuliko cheo. Amri ya bosi asiyejua kazi, wafanyakazi huisengenya kwenye chai na kutafuta namna ya kuikwepa. Neno la fundi aliyebobea, tena mpole, hawalihoji hata moyoni.

Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, na watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Lakini rubani mkuu wa ndege ya KLM alianza kuruka bila idhini ya mnara. Huyu hakuwa mbabaishaji: alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege hizo katika shirika lake. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa imeshatoka njiani. Mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, na hakuna aliyeuliza tena.

Ajali hiyo na nyingine za aina yake zilizaa mafunzo mapya katika usafiri wa anga: msaidizi hufundishwa kusema wazi anapoona hatari, na mkuu hufundishwa kumpa nafasi ya kusema.

Ofisini mambo huharibika polepole zaidi. Mkuu wa idara anafungua kikao: "Mimi naona tubadilishe mzabuni. Mnasemaje?" Jibu linajulikana: "Sawa, mkuu." Angeanza kwa kumsikiliza mtunza stoo, ambaye ndiye hupokea mzigo, huenda angeambiwa kwamba mzabuni hana kosa, ila malipo yake hucheleweshwa. Kwa hiyo anayeaminiwa sana na aseme mwisho. Asiulize kama kuna tatizo. Aulize mpango huu unaweza kukwama wapi. Na wa kwanza kumpinga amshukuru mbele ya wenzake, maana wote wanatazama atafanywa nini. Mkubwa jalala: habari mbaya zisipotupwa kwake, zitarundikana pengine asikopita.

Mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, alichapisha mwaka 1996 utafiti kuhusu makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Wodi zenye viongozi bora ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba huko wauguzi hawakuogopa kuyataja. Basi kiongozi anayependwa, akiletewa ripoti isiyo na kasoro mwezi baada ya mwezi, asiharakishe kujipongeza. Ashuke mwenyewe akaulize.