Bibi, Mvua na Rakaa Mbili za Kilwa

Mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Bibi, alikuwa na haja moja: kuswali rakaa mbili katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kabla Mola hajamwita. Kila mwaka tuliiahirisha. Safari hii likizo ya shule iliangukia katikati ya masika, nasi tukaona kwamba kungoja kiangazi ni kuahirisha tena.

Tulikodi Hiace, tukaondoa viti vya nyuma kwa idhini ya mwenyewe, tukatandika magodoro. Tulikuwa watu saba, na gari hilo ndilo lililokuwa nyumba yetu kwa siku tatu. Tulitoka Mbagala baada ya Swala ya Alfajiri, mvua ikitusindikiza. Mto Rufiji ulikuwa umefura chini ya Daraja la Mkapa, maji yake mekundu kwa udongo. Somanga, mahali ambapo barabara ilikatika Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya kuipiga pwani hii, tulipita polepole na kwa dua. Mbele kidogo tukasimama msikitini, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Watoto walikuwa wameikariri madrasa rukhsa hiyo ya msafiri. Siku hiyo waliionja. Nangurukuru tukakata kushoto, na jioni haijaingia tukawa Kilwa Masoko.

Kutoka ufukweni kisiwa kinaonekana wazi, kwani mkondo uliopo kati una upana wa kilomita mbili hivi tu. Lakini kusi ilikuwa imeamka na bahari imechafuka. Manahodha walikuwa wamevuta mashua zao juu, isipokuwa kijana mmoja aliyekubali kutuvusha kwa nauli mara mbili, bila jaketi la kuokolea hata moja. Tukiri kosa letu: tulikwisha kuanza kuhesabu fedha. Tulitazama umbali, tukatazama umri wa mama, tukasema Mungu atatuvusha.

Bibi ndiye aliyekataa. "Wanangu," alisema, "rakaa zangu ni za sunna, na roho za wajukuu zangu ni amana. Mola ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Nikifa sijaswali pale, nia yangu anaijua." Akarudi garini, akaomba chai.

Usiku ule mvua ilipiga bati la gari mpaka hatukusikiana. Dirisha moja likavuja, godoro likalowa, tukalala wanne tukiwa tumekaa. Ili kuwatuliza watoto tuliwasimulia habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuandika kwamba mvua za huko ni nyingi. Aliandika pia habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa vya kutoa. Fakiri kutoka Yemen alimkabili akitoka Swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Mtoto wetu wa kati aliuliza kama alimpa na viatu.

Asubuhi upepo ulitulia. Tukalipia kibali, tukapata mashua yenye nahodha mtu mzima na jaketi za kututosha sote, tukavuka.

Sehemu ya kaskazini ya msikiti, yenye mihrabu, ndiyo kongwe zaidi, na haina paa. Sehemu ya kusini iliongezwa zama za al-Hasan huyo huyo, na baadhi ya kuba zake za matumbawe na chokaa zimesimama mpaka leo. Mahali hapa paliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, pakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Sisi tulio katika kamati ya msikiti, ambao tumechangisha mara mbili fedha za mabati ya paa moja, tulizitazama kuba zile kwa haya kidogo.

Hatujamaliza kutazama, mvua ikarudi. Tulikimbilia chini ya kuba, tukabanana na kondoo wa kijijini waliotutangulia. Bibi alinyoosha mikono nje, akatawadha kwa maji yaliyokuwa yakimiminika ukingoni mwa paa. Alitamani kuswali mbele ya mihrabu, lakini pale palikuwa dimbwi. Basi akatandika kanga yake kati ya nguzo mbili, akaelekea kibla.

Binti yetu mdogo alinong'ona, "Mbona hapa hakuna adhana?" Tukamwambia wanakijiji wana msikiti wao, na Adhuhuri ikifika ataisikia. Hakuridhika. Alisimama nyuma ya Bibi, kichwani amejifunika sweta, akafuata rukuu yake.

Nahodha alikuja akiwa amejitanda turubai, kutuambia mawingu ya kusini yanasogea na tufanye haraka. Alimkuta Bibi yuko katika sijda ya rakaa ya pili. Akavua kofia ya mvua, akakaa juu ya jiwe kumngoja.