NYUMBA, JUA NA KIBLA: TUPANGE KABLA YA KUCHIMBA MSINGI



Wapenzi wanafunzi na wazazi watukufu, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, familia nyingi zimepata viwanja na kuanza kujenga. Wengi wetu hujenga mara moja tu maishani. Rangi hubadilishwa na bati huezuliwa, lakini msingi ukikaa vibaya, watoto wataishi miaka yote katika vyumba vya joto au giza.

Kwanza, tulijue jua. Dodoma iko kusini mwa Ikweta, takriban nyuzi 6. Kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita kusini. Mwanafunzi asimamishe kijiti uani wakati wa zawali, kama saa sita na nusu mchana. Juni kivuli kitalala kusini, Desemba kaskazini, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba kitakaribia kutoweka.

Maana yake, jua la mchana huwa juu, na upenu mpana wa paa hulizuia. Jua gumu kulizuia ni la asubuhi na la jioni, kwa kuwa huja chini na kuingia moja kwa moja dirishani. La jioni huumiza zaidi, kwani hukuta kuta zimekwisha kupata moto. Basi nyumba iwe ndefu kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, na upande wa magharibi tuweke stoo, bafu, au tupande mwarobaini.

Katika Suratul Kahf, aya ya 17, tunaelezwa jinsi jua lilivyolikwepa pango la wale vijana, likichomoza na likichwa, nao wakiwa katika nafasi yake pana. Humo mna mazingatio kwa mjenzi.

Wazee wa Kigogo nao walikuwa na hekima yao. Tembe lilikuwa na kuta nene na paa bapa la udongo, hivyo joto lilichelewa kuingia. Bati lisilo na dari haliwezi kazi hiyo.

Pili, upepo. Hapa kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na kiangazi hubeba vumbi. Jiko na choo vikae upande wa magharibi, ili moshi na harufu visirudi ndani.

Tatu, Kibla. Kutoka Dodoma, Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Nyumba iliyopangwa kama tulivyoeleza itapanga safu za swala karibu sawa na kuta zake. Chooni, kwa adabu tuliyofundishwa, anayekaa aelekee mashariki au magharibi.

Nne, mandhari na haki ya jirani. Kuuona mlima wa Mlimwa kutoka barazani ni neema, lakini dirisha lisichungulie ua wa jirani. Suratun Nur, aya ya 27, imetuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Jicho nalo lisiingie bila idhini. Dirisha la upande huo liwekwe juu ya kimo cha mtu: mwanga utaingia, na sitara itabaki.

Wanafunzi, waonyesheni wazazi ukurasa huu kabla fundi hajapiga mambo. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa za utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.