Soseji za Nyumbani: Namna ya Kuzitengeneza Bila Kuleta Ugonjwa

 

Leo tuko Litapunga, upande wa Mpanda, Mkoa wa Katavi. Hapa mkulima akichinja mbuzi au nguruwe, kazi ya kwanza ni kutafuta wateja haraka, maana friji hakuna na jua ni kali. Mapaja yanakwenda mapema. Zinazobaki ni nyama za shingo, za mbavuni, vipande vidogo vidogo, na mafuta. Jioni vinauzwa kwa bei ya kutupa, au vinaliwa na mbwa.

Mama mmoja wa hapa aliniuliza, "Bwana shamba, hivyo vipande si ndivyo vinavyofanya soseji za mjini?" Nikamwambia, ndivyo hasa. Soseji ni nyama iliyokatwakatwa, ikatiwa chumvi na viungo, ikashindiliwa ndani ya utumbo uliosafishwa. Ndugu zetu wa Kenya wana mutura yao, ya nyama na damu ndani ya utumbo wa mbuzi au ng'ombe. Kwa hiyo jambo hili si la Wazungu peke yao.

Lakini kabla hatujashika kisu, tuzungumze habari ya usalama.

Ukichinja nguruwe, mwite bwana mifugo aikague nyama. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu porini, naye huweza kupata viluwiluwi vya tegu. Katika nyama huonekana kama malengelenge madogo meupe, mfano wa punje za mchele. Wengine wetu hutazama chini ya ulimi tu. Ni vizuri kutazama, lakini haitoshi. Nguruwe mwenye viluwiluwi vichache anaweza kuwa na ulimi safi kabisa. Nyama yenye viluwiluwi usiisage ukadhani chumvi na pilipili vitaviua. Bwana mifugo ndiye atakayekueleza la kufanya.

Kwa nini nasisitiza? Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu tumboni. Tegu hutoa mayai, na mayai hutoka na choo. Mikono isiponawiwa, mayai huingia kinywani, ya mtu mwenyewe au ya jirani yake. Hapo viluwiluwi huweza kwenda mpaka kwenye ubongo, na mtu mzima aliyekuwa hana tatizo akaanza kuanguka kifafa. Watu husema amelogwa. Ndugu zangu, mpelekeni hospitali. Na dawa ya kuzuia ni hii: nguruwe afungiwe bandani, kila nyumba iwe na choo, mikono inawiwe kwa sabuni, nyama iive.

Sasa tuanze kazi. Chinja alfajiri, kungali na ubaridi. Nawa mikono, na ubao, visu na sufuria vimwagie maji yaliyochemka.

Kwanza, utumbo. Chukua utumbo mwembamba wa mbuzi, kondoo au nguruwe. Kamua uchafu wote, mbali na mahali pa nyama. Osha kwa maji mengi. Ugeuze ndani nje kwa kijiti laini, kisha uparuze taratibu kwa mgongo wa kisu mpaka ule ute utoke na ubaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Loweka kwenye maji ya chumvi na ndimu. Pitisha maji ndani yake uone kama una tundu. Usipulize kwa mdomo.

Pili, nyama. Kwa kilo 3 za nyama tupu weka kilo 1 ya mafuta. Ukipunguza mafuta sana, soseji inakuwa kavu kama kamba. Mafuta ya nguruwe ni laini. Ya mbuzi huganda upesi, kwa hiyo soseji ya mbuzi iliwe ingali ya moto. Katakata nyama ndogo sana kwa kisu kikali, au tumia mashine ya kuzungusha kwa mkono.

Tatu, viungo. Kwa kila kilo ya mchanganyiko weka vijiko vitatu vya chai vya chumvi, vilivyosawazishwa, visiwe na kilima. Kilo 4 ni vijiko 12. Ongeza pilipili manga, vitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa. Mimina maji baridi vikombe viwili vya chai, kidogo kidogo, huku ukikanda kama unga wa chapati mpaka nyama ianze kunata mkononi. Usionje ikiwa mbichi. Kaanga kipande kidogo, onja hicho.

Nne, kujaza. Kata shingo ya chupa safi ya maji ya plastiki, utumbo uvishe mdomoni mwa chupa, funga mwisho wake kwa uzi, kisha sukuma nyama kwa kidole gumba. Usijaze mpaka ukakaza! Yule mama wa Litapunga alijaza kama gunia la mahindi, akachemsha kwa moto wa kuni nyingi, zote zikapasuka sufuriani. Wakala supu siku ile. Palipo na hewa toboa kwa sindano safi. Kila urefu wa kiganja, sokota au funga uzi.

Tano, kupika. Weka soseji katika maji ya moto yanayotoa mvuke na mapovu madogo, yasitokote kwa nguvu. Acha nusu saa. Toa moja, ikate katikati. Kama ndani pana wekundu au maji yake yana rangi ya damu, rudisha. Ikishaiva ndipo uikaange au uichome juu ya makaa ipate rangi.

Swali linalokuja ni hili: je, zitakaa siku ngapi? Bila friji, zile siku hiyohiyo. Zipo nchi za baridi ambako soseji huning'inizwa wiki nyingi. Tusiige. Ndani ya utumbo, katikati, nyama hubaki na majimaji na haina hewa, na sumu kali huweza kuota humo bila harufu. Huko Ujerumani, daktari Justinus Kerner aliandika habari za sumu hiyo ya soseji tangu miaka ya 1820, baada ya watu kufa. Ukitaka nyama ya kuweka, ikate vipande vyembamba, itie chumvi, ikaushe vizuri. Hiyo tunaiweza.

Na wakulima wa tumbaku nisikilizeni. Mbolea ya chumvichumvi si chumvi ya nyama, hata kama mtu amekuambia inafanya nyama iwe nyekundu. Ni sumu. Na kopo lililokuwa na dawa ya wadudu lisiingie jikoni kabisa.

Anayetaka kuuza, amwone kwanza afisa afya. Halafu andika hesabu: thamani ya vipande, viungo, kuni, na siku yako ya kazi. Tengeneza chache, uza zikiwa za moto siku ya mnada, ziishe. Zikibaki, ujue wiki ijayo upunguze.

Ndugu wakulima, vipande tulivyokuwa tukivitupa ni chakula cha watoto. Lakini ni chakula kikiwa kimekaguliwa, kimeiva na kimeliwa siku yake. Tukutane wiki ijayo. Kazi njema.